Kila mahali pana vizio viwili: jinsi ya kugawa dunia kwa latitudo na longitudo

Maswali ya wanaoanza kujifunza latitudo na longitudo hayabadiliki. Mstari upi unalala na upi unasimama? Dunia ina nusu nne vipi, wakati kitu kikigawanywa nusu kwa nusu hutoka vipande viwili? Na swali la siku hizi: mbona nimeandika namba za Buenos Aires, ramani ya simu ikanipeleka Iran? Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, na kwa kazi ya mikono, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa maneno matupu husahaulika kabla ya jioni.

Utachora mistari kwenye mpira, utaigawa dunia katika vizio vyake, yaani nusu zake, kisha utachukua jozi yoyote ya namba na kusema bila kubabaika iko upande gani. Naomba usiruke sehemu ya mpira hata kama una haraka. Ramani bapa ndiyo inayopoteza wengi: huonyesha mistari ya longitudo kana kwamba haikutani kamwe, na huweka ukingo wa kulia mbali kabisa na ukingo wa kushoto, wakati kingo hizo mbili ni mahali pamoja.

Unachohitaji

- Mpira wa rangi moja hafifu, usio na mabonde. Ukipata wenye mzingo wa sentimita 36 hivi, una bahati: sentimita 1 juu yake itakuwa digrii 10 kamili, na hesabu zote zitakuwa nyepesi.
- Ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 1, mrefu kuliko mzingo wa mpira. Karatasi ikiwa fupi, unganisha vipande viwili kwa gundi.
- Penseli, na kalamu mbili za wino usiofutika zenye rangi tofauti.
- Rula na mkasi.
- Bakuli dogo la kukalishia mpira usibingirike.
- Atlasi, au simu yenye ramani.

Nadharia kidogo tu

Latitudo hupima umbali wa mahali kutoka Ikweta, kuelekea kaskazini au kusini. Huanza 0 na kuishia 90 kwenye ncha ya dunia. Longitudo hupima umbali kutoka mstari unaopita Greenwich, London, kuelekea mashariki au magharibi. Huanza 0 na kuishia 180, upande wa pili wa dunia.

Hapa ndipo wengi hukwama: mstari wa latitudo umelala, unatoka mashariki kwenda magharibi, lakini unachokupimia ni kaskazini na kusini. Longitudo ni kinyume chake, mstari umesimama na unapima mashariki na magharibi. Usijilazimishe kukariri hilo sasa hivi. Ukishachora, mkono utakumbuka wenyewe.

Sehemu ya kwanza: kuchora mistari

1. Tengeneza ukanda wa kipimo. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye mpira pale palipotuna zaidi, weka alama ncha zinapokutana, kata hapo hapo. Kisha uzungushe tena kwa kuupitishia upande mwingine. Ukikuta haufiki, ujue mara ya kwanza hukupita katikati hasa, kwa hiyo kata mwingine mrefu zaidi. Ukishatulia, ukunje katikati, halafu ukunje tena. Sasa una robo nne, na kila robo ni digrii 90.

2. Weka ncha mbili. Tia nukta popote na uandike *Kas*, kwa maana ya ncha ya kaskazini. Weka mwanzo wa ukanda hapo, uuzungushe, na pale mkunjo wa katikati unapoangukia tia nukta nyingine, *Kus*. Hakikisha kwa kuupitisha ukanda kwa njia nyingine kutoka nukta ya kwanza: lazima uangukie pale pale. Usiandike K peke yake, maana kaskazini na kusini zote zinaanza na K, na mashariki na magharibi zote zinaanza na M. Kosa hili dogo limeharibu kazi nyingi nzuri. Andika Kas, Kus, Mash na Magh.

3. Chora Ikweta. Kutoka nukta ya Kas, shuka robo moja ya ukanda na utie alama ya penseli. Fanya hivyo pande sita au saba tofauti, kisha zungusha ukanda ufuate alama zote na uchore mstari kwa rangi ya kwanza. Mpira wa plastiki mara nyingi una alama ya kiungo katikati. Kama wako unayo, chukua kiungo hicho kiwe Ikweta na utafute ncha kutokea hapo. Utaokoa muda mwingi.

   Tayari umegawa dunia mara ya kwanza: juu ya mstari ni Kizio cha Kaskazini, chini yake Kizio cha Kusini. Mgawanyo huu haukubuniwa na mtu. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, mhimili ndio unaoweka ncha, na ncha ndizo zinazoweka Ikweta. Ndiyo maana tofauti ya kaskazini na kusini unaiona kwa macho: Julai ni kiangazi London na ni majira ya baridi Sydney. Vimbunga navyo huzunguka kinyume cha saa upande wa kaskazini, na kufuata mwendo wa saa upande wa kusini.

4. Chora longitudo 0, na mwenzake 180. Chukua rangi ya pili. Kutoka Kas hadi Kus, chora mstari mmoja tu ulionyooka, popote upendapo. Huo ndio wa Greenwich, 0. Mpaka hapo dunia haijagawanyika bado, na hili halisemwi vya kutosha: longitudo moja ni nusu ya duara, hutoka ncha moja na kukoma ncha ya pili. Ili upate vizio viwili lazima uendelee upande wa nyuma. Hesabu nusu ya ukanda kwenye Ikweta kutoka mstari wa 0, tia alama, halafu chora kutoka Kas hadi Kus kupitia hapo. Huo ni 180. Sasa mpira umekatwa mara ya pili.

   Nimesema "popote upendapo" kwa makusudi. Hakuna kitu ardhini kinacholazimisha 0 iwe Greenwich. Zamani mabaharia na wachora ramani walianzia kwingine, wengine Paris, wengine kisiwa cha El Hierro katika visiwa vya Kanari. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kupiga kura: nchi 22 ziliikubali Greenwich, San Domingo (leo Jamhuri ya Dominika) ilikataa, Ufaransa na Brazili hazikupiga kura upande wowote. Ufaransa iliendelea kuhesabu saa zake kwa mstari wa Paris mpaka 1911. Mashariki na magharibi, basi, ni mapatano ya watu, na wala hali ya hewa haiyajui.

5. Andika mashariki na magharibi. Kalisha mpira kwenye bakuli, Kas ikiwa juu na mstari wa 0 ukikutazama. Kulia kwako ni Mash, kushoto kwako ni Magh. Ukigeuza mpira utazame mstari wa 180, mambo yanageuka: Mash inakuwa kushoto na Magh kulia. Geuza mara kadhaa mpaka isikushangaze tena.

6. Tia alama za digrii. Pima mzingo, gawa kwa 36, utapata urefu wa digrii 10. Kwa mpira wa sentimita 36 ni sentimita 1; kwa mpira wa miguu wa kawaida wenye mzingo wa sentimita 69 ni kama sentimita 1.9. Anzia mstari wa 0, tia alama kwenye Ikweta kila digrii 10 kwenda kulia na kushoto mpaka pande zote mbili zikutane kwenye 180. Kisha fuata mstari wa 0 wenyewe, utie alama kutoka Ikweta kupanda mpaka 90 Kas na kushuka mpaka 90 Kus.

   Kabla hujaendelea, jaribu kitu hiki kimoja. Tafuta latitudo 60 Kas, uizungushie ukanda, pima. Kwa mpira wa sentimita 36 utapata 18, yaani nusu ya Ikweta. Duniani hali ni hiyo hiyo: digrii 1 ya longitudo ni kama kilomita 111 kwenye Ikweta, ni kama kilomita 56 kwenye latitudo 60, na kwenye ncha inakwisha kabisa. Digrii 1 ya latitudo hubaki karibu kilomita 111 popote ulipo.

Sehemu ya pili: kusoma namba na kutaja kizio

7. Tambua namba ipi ni ipi. Kwenye ramani za simu na atlasi, latitudo hutangulia, longitudo hufuata. Upande huonyeshwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi: N ni kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Ya pili ni alama ya kutoa: latitudo yenye alama hiyo ni ya kusini, longitudo yenye alama hiyo ni ya magharibi, na isiyo na alama ni ya kaskazini au ya mashariki. Chagua njia moja. Ukiandika −34.60 S umesema kusini mara mbili, na programu nyingine zitakuelewa vibaya.

8. Badili dakika na sekunde kama zipo. Digrii moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60. Jumba la opera la Sydney liko 33°51′25″ S, 151°12′55″ E. Gawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha: 33 + 0.85 + 0.0069 ni 33.8569, na 151 + 0.2 + 0.0153 ni 151.2153. Kwa alama inakuwa −33.8569, 151.2153. Usiandike 33.51 kwa 33°51′. Tofauti ya hizo mbili ni digrii 0.34, ambayo ardhini ni kama kilomita 38.

9. Weka nukta kwenye mpira. Tuchukue Buenos Aires: −34.60, −58.38. Anza pale Ikweta inapokutana na mstari wa 0. Longitudo ina alama ya kutoa, kwa hiyo nenda kushoto, ukifuata Ikweta, digrii 58. Kwa mpira wa sentimita 36 hiyo ni sentimita 5.8. Hapo hapo shuka kuelekea Kus digrii 34.6, kama sentimita 3.5. Tia nukta.

   Mpangilio huo ni wa lazima: kwanza tembea kwenye Ikweta, ndipo upande au ushuke. Ukianza kwa kushuka halafu upime longitudo kwa rula ile ile, utapitiliza, kwa sababu umeshaona hapo juu kwamba duara linapungua kadiri unavyoiacha Ikweta.

10. Taja vizio viwili. Nukta yako iko chini ya Ikweta, kwa hiyo Kizio cha Kusini. Iko kushoto kwa mstari wa 0, kwa hiyo Kizio cha Magharibi. Buenos Aires iko kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja. Hili ndilo jibu la swali la nusu nne: dunia imegawanywa nusu kwa nusu mara mbili, kwa mikato inayopishana, kwa hiyo kila mahali panahesabiwa mara mbili. Panapokutana nusu mbili panapatikana robo, na robo ziko nne.

   Fanya zoezi kwa miji hii: Tokyo 35.68, 139.69, Lisbon 38.72, −9.14, Quito −0.18, −78.47, Sydney uliyokwisha iandika. Tokyo itaangukia kaskazini na mashariki, Lisbon kaskazini na magharibi, Quito kusini na magharibi, Sydney kusini na mashariki. Robo zote nne zimepata mji.

Usichanganye vizio na robo, kwani hata vitabu huteleza hapo. Afrika inaguswa na vizio vyote vinne: Ikweta inaikata, na mstari wa Greenwich unaikata. Lakini angalia robo ya kusini-magharibi. Ikweta inaingia bara la Afrika kwenye pwani ya Gabon, mashariki ya Greenwich, na pwani yote kuanzia hapo kwenda kusini iko mashariki vilevile. Hakuna kipande cha bara hilo ndani ya robo hiyo. Upande huo wa Afrika, robo hiyo ni bahari. Kiribati, kwa upande wake, ni nchi ya visiwa vidogo katikati ya Pasifiki, na ina ardhi kwenye robo zote nne.

Makosa ya kawaida

*Kudhani kila mstari wa latitudo unatoa vizio.* Tropiki ya Kansa, mstari wa latitudo ulio kaskazini ya Ikweta, inagawa dunia, ndiyo, lakini vipande vyake havilingani. Katika mistari yote ya latitudo ni Ikweta peke yake inayotoa nusu mbili sawa.

*Kufanya mstari wa tarehe kuwa mpaka wa vizio.* Mstari wa tarehe, yaani ule wa Pasifiki ambapo ukiuvuka tarehe hubadilika, hupindapinda kufuata matakwa ya nchi. Kiribati iliusogeza 1995 ili visiwa vyake vyote viwe na tarehe moja, na Samoa iliruka siku ya tarehe 30 Desemba 2011 kabisa ili ihamie upande wa pili. Apia, mji mkuu wa Samoa, uko longitudo 171.76 W. Kalenda ilihama, mji haukuhama: bado uko Kizio cha Magharibi, na mpaka bado ni 180 iliyonyooka.

*Kuita nchi za magharibi kisiasa Kizio cha Magharibi.* Ujerumani na Italia ziko Kizio cha Mashariki zote mbili. Ufaransa na Uhispania zimekatwa na mstari wa 0.

*Kuamini kwamba maji ya sinki hubadili mzunguko ukivuka Ikweta.* Nguvu inayogeuza vimbunga ni dhaifu mno kwa chombo kidogo kama hicho. Maji huzunguka kutegemea umbo la sinki na jinsi yalivyoingia.

Mambo yakigoma

*Nukta imeangukia mbali kabisa.* Karibu kila mara ni alama ya kutoa iliyopotea. Kwa Buenos Aires, ukiacha alama zote mbili unapata 34.60, 58.38, ambayo ni mashariki mwa Iran. Ukiacha ya latitudo peke yake unaangukia Atlantiki ya kaskazini. Ukiacha ya longitudo peke yake unaangukia Bahari ya Hindi, kusini kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu ramani, taja vizio viwili vya mahali unapotafuta, halafu ulinganishe na alama ulizoandika.

*Alama ziko sawa lakini mahali bado sipo.* Huenda umebadilisha nafasi za namba. Ukiandika −58.38, −34.60 utakuwa kwenye bahari baridi ya kusini mwa Atlantiki. Latitudo haizidi 90, kwa hiyo namba ya kwanza ikiwa 139 umeshajua kosa. Zote mbili zikiwa chini ya 90 hakuna kitakachokuonya, uhakiki mwenyewe. Baadhi ya mafaili ya ramani za kompyuta, hasa ya GeoJSON, hutanguliza longitudo. Ukihamisha namba kutoka huko, zigeuze.

*Umeingiza orodha ya maeneo kwenye ramani, na mengi yamerundikana baharini, Ghuba ya Guinea.* Hapo ndipo 0, 0, mamia ya kilomita kutoka ufukweni. Programu imekosa namba na kujaza sifuri. Rudi kwenye orodha yako utafute maeneo yasiyo na namba.

*Atlasi inaonyesha bara lote la Afrika Kizio cha Mashariki.* Baadhi ya atlasi hukata kwenye longitudo 20 W na 160 E ili zisigawe Afrika na Ulaya vipande. Ni uamuzi wa mchoraji kwa ajili ya ukurasa. Ukiulizwa kizio kwa namba, tumia 0 na 180.

*Mstari wa Ikweta kwenye mpira haukutani mwanzo na mwisho.* Ncha zako hazitazamani sawasawa. Rudia hatua ya 2. Kurekebisha Ikweta peke yake hakutasaidia.

*Umesimama juu ya mstari wenyewe na simu haisomi sifuri.* Kwenye mstari uliochorwa Greenwich simu husoma kama digrii 0.0015 magharibi, kwa sababu 0 ya setilaiti inapita takriban mita 102 mashariki yake. Mstari wa zamani ulipimwa kwa darubini iliyosawazishwa kwa mvutano wa ardhi ya pale pale, na mvutano huo huinamisha kipimo kidogo. Setilaiti huhesabu kutoka kitovu cha uzito wa dunia nzima. Karibu na Quito pia, mnara wa Mitad del Mundo, uliojengwa kuonyesha Ikweta, uko kama mita 240 kusini ya Ikweta ya setilaiti. Kwa kazi yoyote ya ramani za leo, fuata namba ya simu.